Kutayarisha Mwisho Si Kuita Kifo



Vikundi vyetu vinajua sana kuanza. Siku ya kufungua mradi wa kuku au tangi la maji watu hufika mapema, akina mama huimba, padre hubariki, chifu huongea, na chai hunywewa. Katiba imeshaandikwa, viongozi wamechaguliwa na akaunti imefunguliwa. Lakini tukiwatembelea na kuuliza, "Mradi huu ukifika mwisho itakuwaje? Mweka hazina akifariki leo usiku, ni nani anajua pesa ziko wapi?" mkutano mzima unanyamaza. Wengine wanacheka kidogo. Halafu mzee mmoja anasema, "Tuyaache hayo, tusijitakie mabaya."

Kimya hicho kinatugharimu. Kwa sababu yake mjane anafukuzwa katika shamba alilolima miaka ishirini. Watoto wanaacha shule kwa kukosa karo, kumbe baba yao alikuwa na akiba kwa kikundi ambayo nyumbani hakuna aliyeijua. Na kikundi kilichodumu miaka mingi kinavunjika kwa wiki moja, watu wakigombania viti na sufuria. Tukiyaona haya tunasema ni mapenzi ya Mungu. Hapana. Kifo ni njia ya kila mtu, lakini taabu nyingi zinazofuata kifo ni kazi ya kutopanga.

Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja tu. Mkristo mwenye tumaini haukimbii mwisho. Anautayarisha, kwa sababu anaamini kwamba kaburi halimshindi Mungu, na kwa sababu anawapenda wale watakaobaki.

KWA NINI TUNAUOGOPA MWISHO?

Hata lugha yetu inaonyesha woga huo. Hatupendi kusema fulani amekufa. Tunasema ametuacha, amelala, ameitwa, ametangulia. Hiyo ni heshima na haina ubaya. Shida huanza pale heshima inapogeuka woga, mtu akadhani kwamba kutaja kifo ni kukiita na kuandika wosia ni kujichimbia kaburi. Bibi anaogopa kumwuliza mzee cheti cha shamba kimewekwa wapi, maana atajibiwa, "Kwani unataka nife?" Basi anakaa kimya mpaka siku ya mazishi, na siku hiyo ndugu wa mume wameshakipata cheti.

Woga huu uliingia hata kanisani. Wazee wetu waliiita sakramenti ya wagonjwa "Mpako wa Mwisho". Padre akionekana anaingia nyumba ya mgonjwa na mafuta matakatifu, majirani walianza kulia wakijua yamekwisha. Jamaa wengi wakachelewa kumwita padre mpaka mgonjwa hawezi kusikia wala kujibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirekebisha jambo hili mwaka 1963. Ulifundisha kwamba ni vizuri zaidi sakramenti hii iitwe Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya wale tu walio karibu kukata roho. Mtu akianza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, wakati wa kuipokea umefika. Inampa nguvu na amani, na wengine huipokea na kupona. Sakramenti ya mtu anayeaga dunia ni Ekaristi yenyewe, ambayo Kanisa huipa jina la chakula cha safari. Hebu tulifikirie neno hilo: mtu anayepewa chakula cha safari ni mtu anayeenda mahali.

TUMAINI LA MKRISTO NI LIPI?

Kuna matumaini ya kila siku. Tunatumaini mvua itanyesha, mtoto atapita mtihani, bei ya maziwa itapanda. Matumaini hayo ni mazuri, na bila hayo hakuna mtu angeshika jembe. Lakini yanaweza kuvunjika. Mvua inakosa, mtihani unaanguka, bei inashuka. Mtu ambaye hana tumaini jingine zaidi ya hayo, siku yakivunjika naye anavunjika.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 aliandika barua nzima juu ya jambo hili mwaka 2007, iitwayo Spe Salvi, yaani tumeokolewa kwa tumaini. Katika barua hiyo alitoa mfano wa Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akauzwa mara nyingi, akapigwa mpaka mwili wake ukabaki na makovu maisha yote. Hatimaye alifika Italia, na huko ndiko alikosikia habari za Bwana ambaye hapigi watu wake, bali yeye mwenyewe alikubali kupigwa. Alibatizwa mwaka 1890, akawa mtawa, akafariki mwaka 1947. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Makovu ya Bakhita hayakufutika. Kilichobadilika ni kwamba alijua anapendwa, na anangojewa na huyo ampendaye, hata litokee jambo gani. Hilo ndilo tumaini lidumulo.

Tumaini hili halikatazi machozi. Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la rafiki yake Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Kwa hiyo tusimwambie mjane, "Usilie, wewe ni Mkristo." Mwacheni alie, na mkae naye.

Tena tumaini hili halikatazi kupanga. Angalieni Injili ya Yohana sura ya 19. Yesu yuko msalabani, maumivu ni makali, muda ni mfupi. Katika hali hiyo anamwona mama yake amesimama karibu, naye anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake. Yesu alikuwa na hakika ya Baba yake kuliko sisi sote, na bado hakumwacha mama yake bila mtu wa kumtunza. Sisi ni akina nani hata tuseme, "Mungu atajua la kufanya na familia yangu"?

Soma pia Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua sana, na nabii akamletea habari kwamba atakufa, hivyo aweke mambo ya nyumba yake sawa. Hezekia akageukia ukuta, akaomba na kulia. Mungu akamwongezea miaka 15. Basi kuambiwa utengeneze nyumba yako sicho kinachoua mtu. Hezekia aliambiwa, na akaishi.

TULIYOJIFUNZA MIAKA YA UKIMWI

Wengi wetu tunaikumbuka miaka ya 1990. Kila Jumamosi ilikuwa mazishi. Novemba 1999 serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Wakati huo mgonjwa wa kijijini hakuwa na dawa ya kuvizuia virusi, maana bei yake ilikuwa juu mno.

Katika miaka hiyo akina mama wa Uganda walioishi na virusi, wakiwa katika shirika lao la NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa watoto wao. Mama aliandika ukoo wao umetoka wapi, baba alikuwa nani, mtoto alizaliwaje, ni mambo gani mama anamtakia, na ni nani atakayemlea. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana ilimlazimu mama kumwambia mtoto ukweli. Lakini mtoto akaacha kukisiakisia usiku, na mama akapumua.

Kisha dawa zikaanza kufika. Kufikia mwaka 2006 zilikuwa zinatolewa bure katika hospitali za serikali hapa Kenya. Watu waliokuwa wamejitayarisha kufa wakaishi, na leo wengine wao ni nyanya wanaolea wajukuu. Je, kujitayarisha kuliwadhuru? Hata kidogo. Siri zilikuwa zimekwisha nyumbani, walezi walikuwa wamejulikana, mali ilikuwa imeandikwa. Walipoongezewa miaka waliishi nyumba ikiwa sawa, kama Hezekia.

MWISHO WA MWANAKIKUNDI: ANDIKA WOSIA

Sasa tuingie kwa mambo ya mikono. Hapa Kenya mambo ya urithi yanaongozwa na Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Ndugu zetu Waislamu wanafuata sheria ya dini yao, na katika wilaya kadhaa za wafugaji ardhi ya kilimo na mifugo zina taratibu zao. Kwa wengine sheria inasema hivi:

1. Mtu mzima yeyote mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Mwanamke ana haki hiyo sawa na mwanamume, awe ameolewa au hajaolewa.

2. Wosia wa maandishi uwe na sahihi yako, au alama ya kidole kama hujui kuandika, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Nao watie sahihi zao. Si lazima uandikwe na wakili, ingawa wakili ni msaada mzuri kama mali ni nyingi au kuna mabishano.

3. Shahidi asiwe mtu unayempa mali katika wosia huo. Akishuhudia, zawadi yake inaweza kubatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu.

4. Wosia wa mdomo unakubaliwa pia, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Kwa hiyo maneno ambayo mzee aliyasema Krismasi ya mwaka juzi hayatoshi.

5. Unaweza kubadilisha wosia wakati wowote ungali hai na akili yako ni timamu. Kuandika leo hakukufungi mikono kesho.

6. Usimnyime mtu anayekutegemea. Mke, mume au mtoto aliyeachwa bila kitu anaweza kwenda kortini, na korti ina uwezo wa kumpa sehemu yake.

Na kama mtu amekufa bila wosia? Hapo sheria ndiyo inayogawa. Mume au mke aliyebaki na watoto anapata vyombo vya nyumbani, na ana haki ya kutumia mali iliyobaki muda wa maisha yake, akiitunza kwa ajili ya watoto. Watoto wanarithi sawasawa, wavulana kwa wasichana. Familia huanza kwa chifu kupata barua inayotaja warithi wote, kisha inakwenda kortini. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Kabla korti haijatoa ruhusa, hakuna shemeji wala mtoto mkubwa anayeruhusiwa kuuza ng'ombe wa marehemu au kukata kipande cha shamba. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Akina mama, shikeni hilo vizuri, na mkiona linafanyika mwende kwa chifu au kortini mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kikundi nacho kina sehemu yake katika jambo hili. Tunapendekeza mambo matatu:

Kwanza, daftari la wanachama liwe na jina la mtu ambaye kila mwanachama amemchagua apokee akiba yake, pamoja na namba ya kitambulisho chake. Jina hilo liangaliwe upya kila mwaka, maana watu wanaoa, wanazaa, wanatengana.

Pili, pesa za kikundi zisikae katika simu ya mtu mmoja. Siku akifariki, zile pesa zinaonekana ni zake, na familia yake haitajua zipi ni zenu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kitabu cha hesabu kionwe na wanachama wote kila mkutano.

Tatu, mchango wa msiba ugawanywe mapema. Mara nyingi tunachanga pesa nyingi za mochari, jeneza, hema na chakula cha siku za matanga, na wiki inayofuata mjane hana unga. Vikundi viamue katika katiba kwamba sehemu ya mchango ibaki kwa karo na chakula cha miezi ya kwanza. Marehemu anahitaji sala na mazishi ya heshima. Hema kubwa halimfikishi mbinguni.

MWISHO WA MRADI

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Hapa Kenya wafanyakazi wengi wa afya waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walirudi nyumbani, na wagonjwa wakaingia hofu juu ya dawa zao. Hilo ni funzo chungu kwa sisi sote tunaopokea msaada kutoka nje, pamoja na sisi wa Kanisa. Mfadhili ni mgeni. Hata akiwa mwema namna gani, siku moja atabeba mkoba wake aende.

Kwa hiyo mradi wowote ukija, waulizeni wafadhili siku ya kwanza, bila haya: "Mtakaa miaka mingapi? Mkiondoka, ni nani atanunua vipuri vya pampu? Ni nani hapa kijijini atakuwa amefunzwa kuitengeneza?" Halafu mjiulize nyinyi wenyewe, "Tukiachwa na nusu ya pesa, tutaendelea na kazi gani?" Mradi mzuri ni ule ambao mfadhili akiondoka bado maji yanatoka. Kama kila mtu anayechota ameweka shilingi kidogo kwa mfuko wa matengenezo, mwisho wa msaada hautakuwa mwisho wa maji.

MWISHO WA KIKUNDI

Kuna vikundi ambavyo vimemaliza kazi yao, lakini vinaogopa kusema. Wanachama walikuja pamoja ili kila nyumba iwe na tangi, na sasa kila nyumba ina tangi. Au vijana wameolewa na kuhamia mjini, wamebaki watano. Mikutano inaitwa, hakuna anayefika, na pesa kidogo zilizobaki zinawatia watu majaribuni. Kufunga kikundi kama hicho vizuri hakuna aibu. Yesu alisema habari za punje ya ngano inayoanguka katika udongo: ikikataa kufa inabaki peke yake, ikikubali inazaa sana. Mkulima analielewa hilo kuliko profesa. Wakati wa kupanda, mbegu huonekana kama imepotea.

Katiba yenu iseme wazi: ni wanachama wangapi wakikubali ndipo kikundi kinavunjwa, madeni yatalipwa vipi kwanza, na mali iliyobaki itaenda wapi. Afisa wa maendeleo ya jamii anayesajili vikundi chini ya sheria ya mwaka 2022 atawasaidia kuandika sehemu hiyo kama haimo. Halafu siku ya kufunga, fanyeni kama siku ya kufungua. Someni hesabu mbele ya wote, gawaneni kwa haki, mwombeeni kila mwanachama aliyetangulia kwa jina lake, mshukuruni Mungu, mnywe chai. Watu wakiachana kwa amani wataweza kuanza jambo jingine pamoja. Wakiachana kwa wizi, watoto wao hawatasalimiana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kabila letu, wazee walitayarishaje kifo chao? Walimwita nani, na walisema nini? Ni desturi gani nzuri tumeiacha, na ni ipi inayowaumiza wajane?

2. Tukihesabu hapa sasa, ni wanachama wangapi wameandika wosia? Ni nini kinachotuzuia?

3. Mweka hazina wetu akiugua kesho, ni nani mwingine anajua hesabu zote?

4. Mradi wetu ukikosa msaada wa nje, ni kitu gani kitabaki?

5. Ni wagonjwa gani katika jumuiya yetu ndogo ndogo ambao hawajatembelewa na padre kwa sababu jamaa wanaogopa?

Tunapendekeza mchukue mkutano mmoja mzima kwa maswali haya. Mwezi wa Novemba unafaa sana, kwa kuwa Kanisa linawaombea marehemu wote, na watu wengi hutembelea makaburi. Mkimaliza sala kaburini, rudini mkae chini ya mti, na kila mtu aandike karatasi moja: mali yangu ni hii, madeni yangu ni haya, watoto wangu ni hawa, na ningependa fulani awatunze. Karatasi hiyo bado si wosia, lakini ni mwanzo wake. Wiki inayofuata waitwe mashahidi.

Sisi tutakuja tukialikwa, pamoja na katekista na mtu anayeelewa sheria. Leteni kalamu, na kila mzee aje na bibi yake.